Je, Wajua? Mkomamanga Unaolishwa kwa Matone

Komamanga likipasuka mtini, bei yake imekwisha. Wadudu huingia, ukungu hufuata, na tunda lililokuwa lipakiwe kwenye boksi la kwenda ng'ambo huishia kukamuliwa juisi au kutupwa. Wakulima wa Sangola na vijiji vingine vya wilaya ya Solapur, katika jimbo la Maharashtra nchini India, wanaijua vizuri hasara hiyo. Huko ardhi ni kame, udongo ni mwembamba juu ya mwamba, na kwa familia nyingi komamanga ndilo zao la kulipia karo na kujengea nyumba.

Je, wajua kwamba mara nyingi kinachopasua tunda hilo ni ukarimu wa mkulima mwenyewe? Mti ukikaa na kiu kwa wiki kadhaa, ganda hukakamaa. Siku maji mengi yanapofunguliwa kwa mkupuo, au mvua kubwa inaponyesha ghafla, punje za ndani hunywa na kuvimba haraka. Ganda hushindwa kutanuka kwa kasi hiyo, likachanika. Upungufu wa boroni na kalsiamu huzidisha udhaifu huo, lakini mzizi wa tatizo ni maji yasiyo na ratiba. Mti huu unataka kunywa na kula kidogo kidogo, kwa kiasi kilichopimwa, bila kukatishwa wala kushindiliwa. Hilo ndilo lililoifanya mipira ya matone ienee katika mashamba ya komamanga, na ndilo lililoifanya mbolea nayo ihamie ndani ya mipira hiyo. Yanayotokea humo ndani ni mengi, na machache kati yake yanaonekana kwa macho.

Hunyimwa kwanza, ndipo hulishwa

Katika hali ya hewa ya Maharashtra, mkomamanga ukiachwa ulivyo huchanua mara kadhaa kwa mwaka, maua machache leo, machache mwezi ujao. Kwa mkulima anayetaka kuvuna kwa pamoja na kuuza kwa pamoja, huo ni usumbufu mtupu. Kwa hiyo huchagua msimu mmoja kati ya mitatu, na kila msimu huko huitwa bahar: ambe bahar, maua yanapotoka Januari na Februari, mrig bahar, mvua za Juni na Julai zinapoanza, na hasta bahar, Septemba na Oktoba.

Akishachagua, hufunga maji. Mti hukaa na kiu mwezi mmoja hadi miwili, kutegemea udongo unavyohifadhi unyevu. Majani huanza kugeuka manjano. Kisha hunyunyiziwa dawa iitwayo ethefoni, ambayo ndani ya mmea hutoa gesi ya ethilini, na majani yaliyobaki hupukutika. Anayepita shambani siku hizo bila kujua angedhani miti imekufa. Baada ya hapo matawi hupogolewa kidogo, samadi hutiwa mashinani, maji hufunguliwa taratibu, na mbolea ya kwanza hupita kwenye mipira. Katika wiki chache mti huvaa majani mapya na maua mekundu kwa wakati mmoja, na miezi mitano hadi sita baadaye matunda huwa tayari.

Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu watu wengi huuliza, "Mkomamanga niupe mbolea gani?" kabla ya kuuliza mti wenyewe uko katika hatua gani. Mti ulio katika kipindi cha kunyimwa ukipewa naitrojeni, hutoa majani matupu na kazi yote ya kuunyima maji huharibika. Mti unaokuza tunda ukinyimwa potashi, punje hubaki ndogo na utamu hupungua. Mbolea ile ile ni faida mwezi huu na hasara mwezi ule.

Chakula cha mwaka mzima, kiganja kwa kiganja

Kipimo ambacho wakulima wa India wamekizoea kwa mkomamanga uliokomaa, wenye miaka mitano na zaidi, ni gramu 625 za naitrojeni, gramu 250 za fosforasi na gramu 250 za potashi kwa mti mmoja kwa mwaka, mbali na samadi. Fosforasi na potashi huhesabiwa kama zilivyoandikwa kwenye mfuko wa mbolea.

Tuifanye hesabu ya naitrojeni. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo gramu 625 ni takriban kilo 1.36 za yurea. Mkulima wa zamani angeimwaga kwa mikupuo miwili au mitatu kuzunguka shina, akaifukia, akasubiri mvua. Sehemu ingegeuka hewa ya amonia na kupotea, sehemu ingezama na maji hadi chini ya mizizi, na mti ungepata kile ulichobahatika kukipata. Ukiigawa kilo hiyo moja na ushei katika wiki 25, kila wiki mti hupata gramu 54 hivi. Hicho ni kiasi cha kujaa kiganja kimoja! Na katika shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 4.5 kwa 3, hekta moja ina miti kama 740. Hakuna familia itakayozunguka na viganja 740 kila wiki, mwaka baada ya mwaka, bila kuruka mti wala kuzidisha. Mpira wa matone huifanya kazi hiyo saa moja au mbili, alfajiri, wakati watu wanakunywa chai.

Je, wajua kwamba yurea hupoza maji?

Mimina kilo 10 za yurea katika lita 50 za maji, koroga, halafu shika nje ya pipa. Joto la maji hushuka kwa nyuzi kama 10 za selsiasi. Katika mji wenye unyevu mwingi hewani, kama Mombasa au Tanga, pipa hutoka jasho kabisa. Sababu ni kwamba chembe za yurea zinapoachana na kujisambaza majini huhitaji nishati, na huichota kwenye maji yenyewe. Potasiamu naitreti hufanya vivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi.

Kwa anayechanganya mbolea, ubaridi huo una athari. Maji yakipoa, uwezo wake wa kuyeyusha hupungua. Mkulima hukoroga, akaona chembe zimebaki chini, akadhani ameuziwa mbolea feki, kumbe angesubiri maji yarudie joto lake zingeyeyuka. Ndiyo sababu wazoefu hutia mbolea kidogo kidogo, hukoroga, huacha, huongeza.

Mbolea nazo hazilingani. Katika maji ya nyuzi 20, lita 100 huweza kuyeyusha zaidi ya kilo 100 za yurea. Uzito wa mbolea unaweza kuupita uzito wa maji, na bado ukapata kimiminika safi. Potasiamu naitreti, kwa maji hayo hayo, ni kilo 31 hivi. Potasiamu salfeti ni kama kilo 11 tu. Usiku wa baridi kali, tangi lililojazwa potasiamu naitreti hadi kikomo mchana huamkia likiwa na fuwele nyeupe chini, na asubuhi miti ya mwanzo hupata maji mepesi kuliko mkulima alivyodhani.

Mbolea mbili safi zikikutana huzaa jasi

Chukua chupa mbili za kioo. Katika moja yeyusha kalsiamu naitreti, katika nyingine yeyusha potasiamu salfeti. Zote mbili zitakuwa angavu, unaona upande wa pili. Zimimine pamoja. Muda si mrefu maji hugeuka kama maziwa, na ukiiacha chupa usiku kucha, chini utakuta unga mweupe umetulia. Hiyo ni jasi, ile ile inayofanyiwa dari na plasta. Kalsiamu imeishika salfeti, na zilipoungana zikawa kitu kisichoyeyuka kirahisi. Kalsiamu ikikutana na fosfeti mambo huwa vivyo hivyo: huzaliwa kalsiamu fosfeti, nayo huyeyuka majini kwa shida kuliko jasi.

Sasa fikiria jambo hilo likitokea ndani ya mpira. Tundu la matone, licha ya jina lake, lina njia iliyopinda pinda ndani yake ili kupunguza kasi ya maji, na upana wa njia hiyo ni kama milimita moja au chini ya hapo. Kichujio cha kawaida cha mfumo huu hukamata uchafu unaozidi mikroni 130, yaani milimita 0.13. Lakini jasi huzaliwa baada ya kichujio, maji yakiwa yameshapita. Hakuna chujio litakalokuokoa. Kwa hiyo wakulima makini huwa na matangi mawili: kalsiamu peke yake katika moja, fosfeti na salfeti katika lingine, na huyapitisha siku tofauti au saa tofauti.

Lile jaribio la chupa ndilo kipimo cha bei nafuu kuliko vyote katika kilimo hiki, na ningependa kila anayefunga mipira ya matone alifanye kabla hajagusa tangi. Tumia maji ya shambani kwako, mbolea zako, na kipimo kile kile unachokusudia. Acha saa 24. Maji yakichafuka au chini kukiwa na mashapo, mchanganyiko huo usiingie kwenye mfumo. Maji ya kisima chenye chokaa nyingi yanaweza kuganda na fosfeti hata kama hukutia kalsiamu yoyote.

Hapa Afrika Mashariki kuna onyo la ziada. CAN, mbolea ya kukuzia inayopatikana karibu kila duka la pembejeo, imetengenezwa kwa amonia naitreti iliyochanganywa na unga wa chokaa. Naitreti huyeyuka, chokaa haiyeyuki. DAP nayo, ambayo wengi huijua kama mbolea ya kupandia, huacha mabaki, na wanaoitumia huiloweka usiku kucha kisha huichuja kwa kitambaa. CAN ibaki kwenye udongo. Ukiipeleka kwenye mipira, utakuwa unapiga plasta shamba lako kwa ndani.

Kitunguu kilichozikwa

Chimba chini ya tundu la matone baada ya saa chache za kumwagilia. Juu utaona doa dogo tu la unyevu, pengine la kukanyagwa kwa mguu mmoja. Chini yake udongo uliolowa umetanuka pande zote, umbo lake kama kitunguu. Katika mfinyanzi kitunguu hicho ni kipana na kifupi, kwa kuwa udongo huvuta maji kwenda pembeni. Katika mchanga huwa chembamba na kirefu, maji yakikimbilia chini. Tundu moja la lita nne kwa saa laweza kutosha shina katika udongo mzito, na lisitoshe hata kidogo katika mchanga wa pwani.

Mizizi inayokula hujazana humo, sehemu kubwa yake katika nusu mita ya juu. Huu ndio uhusiano wa ajabu wa mti na mpira: ukishamwagilia kwa matone miaka miwili mitatu, wewe ndiye umeamua mizizi ikae wapi. Kwa hiyo huwezi tena kumwaga mbolea kavu popote chini ya mwavuli wa matawi na kutegemea mti uifuate. Nje ya kitunguu udongo ni mkavu, na mzizi hauli udongo mkavu. Mbolea isipopita penye maji, ni kama haipo.

Chumvi nazo zina tabia yake humo. Maji yanaposukuma kwenda nje, hubeba chumvi hadi ukingoni mwa kitunguu, na pale maji yanapokauka, chumvi hubaki. Baada ya miezi ya kiangazi utaona duara jeupe juu ya ardhi. Katikati mizizi iko salama. Mkomamanga huvumilia chumvi kuliko miti mingi ya matunda, lakini nao una kikomo. Na je, wajua kwamba mvua nyepesi huweza kuudhuru mti huo? Matone ya mvua huanza kulisukuma duara lile la chumvi kurudi ndani, moja kwa moja kwenye mizizi. Ushauri wa wataalamu wa maji ya chumvi ni huu, na huwashangaza wengi: mvua ya kwanza ikianza kunyesha, usifunge matone, yaache yaendelee ili yazidi kusukuma chumvi nje. Majirani watakucheka kwa kumwagilia wakati wa mvua, na wewe utakuwa umefanya sawa.

Maji, mbolea, maji

Kila kipindi cha kulisha kina sehemu tatu. Kwanza maji matupu, mpaka mipira yote ijae na presha isawazike. Kati hapo, mbolea. Mwisho, maji matupu tena, ya kusafisha mpira na kuisogeza mbolea mahali inapotakiwa. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ikikosekana, mbolea hulala ndani ya mpira, mwani na ute wa bakteria hunawiri, matundu huziba. Ikizidi, naitrojeni huoshwa kwenda chini kusikofikiwa na mizizi.

Sababu ni kwamba virutubisho havisafiri kwa mwendo mmoja. Naitreti haishikwi na udongo, huenda popote maji yaendapo. Amonia hushikwa na chembe za mfinyanzi karibu na ilipodondokea. Yurea ipo kati: siku za mwanzo husafiri na maji, kisha vimeng'enya vya udongo huigeuza amonia, nayo ikatulia. Fosfeti ndiyo mvivu kuliko wote. Ikimwagwa juu ya udongo huweza kukaa sentimita chache kutoka ilipoanguka msimu mzima. Matone huisogeza mbali kidogo zaidi, kwa kuwa huijaza sehemu moja mpaka udongo ushindwe kuishika yote.

Mti wenyewe nao hujibu. Mzizi ukichukua naitreti hutoa kitu kinachopunguza uchachu wa udongo ulioko pembeni yake. Ukichukua amonia, hutoa asidi. Kwenye udongo wa chokaa kama wa Solapur, asidi hiyo ndogo kando ya mzizi ni msaada mkubwa, kwa sababu huko chuma kimejaa ardhini lakini kimefungwa na chokaa, na majani machanga hutoka ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Dawa yake hupitishwa kwenye matone pia: chuma kilichofungiwa ndani ya molekuli iitwayo EDDHA, kisichonyakuliwa na chokaa hata pH ikifika 9. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea, na siku ya kulishwa matone hutoka mekundu.

Kipimo kisichoiona yurea

Wenye uwezo hununua kifaa kidogo cha kupima chumvi kwenye maji. Hupitisha umeme kidogo, na jinsi maji yanavyoupitisha ndivyo kinavyokadiria mbolea iliyomo. Kwa potasiamu naitreti kinafanya kazi vizuri. Kwa yurea, kifaa ni kipofu. Molekuli ya yurea haina chaji, haipitishi umeme, na unaweza kuwa na pipa lililojaa yurea kifaa kikakuambia kuna maji matupu. Mkulima asiyejua hilo huongeza, na huongeza tena.

Mwanafizikia wa Italia shambani

Kifaa kinachotumika sana kuingiza mbolea kwenye mpira hakina injini, hakitumii umeme, na hakina kitu kinachozunguka. Ni bomba fupi lililobanwa katikati. Maji yakifika penye kubana hukimbia, na yanapokimbia presha yake hushuka hadi kuwa chini ya hewa ya nje. Ukitoboa hapo na kuunganisha kimrija kinachoingia tangini, mbolea huvutwa yenyewe. Giovanni Battista Venturi aliyaeleza hayo mwaka 1797, na kifaa bado kinaitwa venturi. Kasoro yake ni kwamba hula sehemu kubwa ya presha, kwa hiyo wenye pampu dhaifu hupata taabu.

Kifaa chochote utakachotumia, kuna valvu moja isiyofaa kuachwa: ile inayozuia maji kurudi nyuma. Pampu ikizimika ghafla, maji yaliyo kwenye mipira ya mlimani huweza kurudi na mbolea yake mpaka kisimani. Naitreti nyingi katika maji ya kunywa ni hatari hasa kwa watoto wachanga, kwa sababu huizuia damu kubeba oksijeni. Kisima cha shamba mara nyingi ndicho kisima cha nyumbani. Hii ni valvu ya bei ndogo, na mahali isipokuwepo sioni sababu ya kuwasha mfumo.

Mti ulionenepa bila kumwagiliwa

Simcha Blass, mhandisi wa maji aliyezaliwa Warsaw, alisimulia kwamba katika miaka ya 1930 aliona mti mmoja mkubwa kuliko wenzake, bila chanzo cha maji kilichoonekana. Alipochimba akakuta bomba linavuja kidogo kidogo chini. Wazo hilo lilikaa naye miaka mingi, mpaka mabomba ya plastiki ya bei nafuu yalipopatikana. Mwaka 1965 alishirikiana na kibbutz ya Hatzerim, katika jangwa la Negev, na kampuni ya Netafim ikaanza. Wazo lenyewe, hata hivyo, ni la kale. Fan Shengzhi, aliyeandika kitabu cha kilimo nchini China katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza jinsi ya kuzika vyungu vya udongo vyenye maji ili vivujie mazao polepole.

Leo kuna matundu yenye kipande cha mpira laini ndani, kinachojibana presha ikipanda na kulegea ikishuka. Mti wa juu mlimani na wa bondeni hupata maji sawa, na hivyo mbolea sawa.

Mti uliopandwa juu ya mizani

Huko Parlier, California, watafiti walipanda shamba la majaribio la komamanga aina ya Wonderful mwaka 2010. Baadhi ya miti waliipanda ndani ya sanduku kubwa la udongo lililokaa juu ya mizani, ili wajue saa kwa saa mti umekunywa kiasi gani. Kisha wakalinganisha mipira iliyolazwa juu ya ardhi na ile iliyozikwa kiasi cha nusu mita. Iliyozikwa ilihitaji maji machache zaidi, na magugu yalikuwa haba kwa sababu uso wa ardhi ulibaki mkavu. Mbolea ikishushwa kule chini, gugu halina mgao. Kwa shamba dogo gharama ya kuzika ni kubwa, na panya wakitafuna huoni. Lakini kwa fosfeti, ile isiyopenda kutembea, kuitoa pale pale mizizi ilipo ni faida kubwa.

Wonderful yenyewe iligunduliwa Florida na kupelekwa California mwaka 1896. Solapur wao hulima zaidi Bhagwa, lenye ganda nene jekundu linalostahimili safari.

Na kwenye majabali ya Oman

Wenye ndugu Nizwa au Muscat wamewahi kuletewa komamanga la Jabal Akhdar, na aliyelionja halisahau. Miti hiyo iko kwenye ngazi za mawe karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa karne nyingi imenyweshwa kwa falaj, mifereji ya kutiririsha maji bila pampu, ambapo kila mwenye shamba ana zamu yake iliyopimwa kwa saa. Mifumo mitano ya falaj iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kwa falaj, chakula cha mti ni samadi inayochanganywa na udongo, na maji hufurika kwa zamu. Nidhamu ya zamu ndiyo iliyoibeba miti hiyo. Kwetu pwani, mkomamanga umekaa uani kwa vizazi, ukimwagiliwa maji ya kuoshea vyombo, na haujapewa nafasi ya kuonyesha unaweza nini.

Naitrojeni nyingi hukaribisha telya

Miaka ya 2000, mashamba mengi ya Maharashtra yaliteketezwa na ugonjwa wa bakteria ambao wakulima huko huuita telya. Huacha madoa yenye mng'ao wa mafuta kwenye majani, kisha madoa meusi yenye mpasuko kwenye tunda. Mbolea haisababishi telya, lakini naitrojeni iliyozidi hutoa majani laini, mengi, yaliyosongamana, na bakteria hupenda hapo. Kituo cha taifa cha utafiti wa komamanga kilianzishwa mjini Solapur mwaka 2005, na telya ni kati ya mambo yaliyokishughulisha zaidi. Kwa kuwa matone huifanya kazi ya kulisha iwe rahisi, kulisha kupita kiasi nako kumekuwa rahisi. Kiganja kimoja zaidi kwa kila mti hakionekani mpaka majani yanaposongamana.

Woga mwingine unaomsukuma mkulima kuzidisha ni maua kuanguka. Anaona ardhi imetandikwa wekundu, anakimbilia mbolea. Mkomamanga una maua ya aina mbili: yale yenye kitako kipana, yanayoweza kuwa tunda, na yale yenye umbo la kengele, ambayo ni ya kiume na yameumbwa yaanguke. Kabla ya kufungua tangi, okota machache na uyatazame vitako.

Jani ndilo huulizwa

Mkomamanga haudanganyi, ila huchelewa kusema. Jani likionyesha njano kwa macho, upungufu umeshakaa muda. Komamanga pia haliendelei kuiva baada ya kuchumwa, tofauti na embe au ndizi, kwa hiyo utamu ambao haukufika mtini hautafika ghalani. Ndiyo maana India huchukuliwa sampuli za majani mapema: jozi ya nane kutoka kwenye ncha ya tawi, kwenye miti iliyotawanyika shamba zima, pande zote za mti, kisha hupelekwa maabara. Majani machanga mno huonyesha kilichopewa juzi, yaliyozeeka huonyesha mti umeshahamisha vyake. Jozi ya nane ipo katikati.

Majibu yakirudi, mkulima hukaa na kalamu na ile ratiba yake ya wiki 25. Potashi ikiwa chini na matunda ndiyo kwanza yanavimba, huongeza gramu chache kwa kila mti katika wiki zinazofuata. Naitrojeni ikiwa juu, hufuta wiki mbili nzima na kupitisha maji matupu.